Mlango wa Mama Kwenye Skrini

Jumatatu, 3 Machi

Kihisi kimefika. Mdogo wangu amekibandika mlangoni kwa mama — kidude kidogo kama kifungo cha koti. Mlango ukifunguka, kinanitumia habari huku niliko, safari ya siku nzima. Mama kakitazama, kauliza kinakula nini. Hakumbuki kwamba wiki jana alitoka peku, akapotea hadi jioni. Mimi nakumbuka kwa niaba yake.

Jumanne, 4 Machi

Habari zinafika, lakini ukurasa niliotengeneza kwenye kompyuta kuzionyesha umelala! Mama kafungua, skrini bado inasema "umefungwa". Mpaka niupakie upya. Nimemwonyesha Miwani, mwenzangu tunayekaa naye meza moja kazini. Kacheka. Eti ukurasa unajua mambo ya ndani mwake tu. Kihisi kiko nje, nani kauambia? Ukurasa ukifunguka, uanze kukisikiliza. Tukio likija, ujichore upya. Ukifungwa, uache kusikiliza — hilo alilisema nimeshageukia kibodi.

Jumatano, 5 Machi

Umeamka! Nilimpigia mama: fungua mlango. Skrini: wazi. Funga. Umefungwa. Fungua tena! Nikawa nacheka peke yangu kama chizi. Mama akauliza, kwani anaingia nani? Kicheko kikaisha.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu tupu. Mlango umefunguliwa mara tatu kwa mpigo! Nikadhani mama kapotea tena. Nikampigia mdogo wangu, akaacha kazi, akakimbia nyumbani. Mama huyo, kakaa anakunja nguo. Alitoka kumwaga takataka, basi.

"Dada, umenitoa kazini kwa mlango hewa! Bosi kanuna."

Kosa ni langu. Kila nikiufunga ukurasa na kuurudia, msikilizaji mpya, kile kipande cha maagizo kinachokisikiliza kihisi, anaongezeka, wa zamani hajaondoka. Wasikilizaji watatu, tukio moja, kelele tatu. Miwani alisema, sikumsikia.

Mama akachukua simu. "Mnanichunga kama mbuzi?"

Nikakata simu, nikarudi kwenye kibodi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerekebisha. Ukurasa ukifungwa, msikilizaji anaondoka. Mdogo wangu hajibu meseji.

Jumatatu, 10 Machi

Mlango uko wazi. Nilikwenda kunywa chai, nikarudi — bado wazi. Nimekagua msimbo, yale maagizo ya ukurasa: msikilizaji ni mmoja tu. Nimeupakia ukurasa upya. Wazi. Mdogo wangu hapokei. Nimepiga tena. Kakata! Ana haki, lakini leo jamani!

Laiti ingekuwa kosa langu tena.

Nimempata jirani wa mama, fundi cherehani. "Kwani mama hayumo ndani? Ngoja nichungulie." Simu kaiacha mezani bila kukata. Nasikia malapa yake yakivuka ua. Miwani kasimama nyuma ya kiti changu. Naandika ili mkono uwe na kazi.

"Hodi, mama! Mama!"

Malapa yanaingia ndani, yanatoka.

Anaita tena. Sauti yake sasa iko nje, inazidi kwenda mbali —