Taa Mbili za Kijani

Jumatatu, 4 Agosti 2008

Vipindi vinne, viwili Jiografia ya Kidato cha Pili. Nusu ya darasa walikuwa wanavuna mahindi ya shule. Saa nane nikaenda chumba cha kompyuta. Mama Safari, karani wetu, ameweka programu mpya kwenye ile yenye modemu. Anasema inakusanya anwani zote za kuchati mahali pamoja. Yeye anaiita kapu.

Mimi ninazo tatu. Ya chuo cha ualimu, ile aliyonifungulia rafiki yangu Theresia, na ile aliyonifungulia mchumba wangu Gidamuda. Siku zote nafungua moja, nafunga, nafungua nyingine, mpaka betri za sola zinaanza kulia.

Sijaelewa kitu. Inauliza akaunti. Nikaandika Martina. Ikakataa. Nikaandika jina kamili na la baba. Ikakataa. Mama Safari akacheka mpaka akakaa chini.

Gidamuda alipiga simu jana kanisa lilipotoka. Kesho chuo chao kinawapeleka ranchi kwa mafunzo ya vitendo, karibu wiki mbili. Huko hakuna mtandao wa simu wala wa kompyuta. Atarudi Morogoro tarehe 17. Wazee wake hawatamsubiri. Watakuja kwetu Endasak kuposa Jumamosi ya tarehe 16, kama walivyopanga.

Jumatano, 6 Agosti

Imekubali. Anwani zote tatu, orodha moja ndefu. Taa ya kijani, mtu yupo. Ya njano, ametoka kidogo. Ya kijivu, hayupo. Watu wa chuo, watu wa nyumbani, wote wamechanganyika kama mnadani.

Nikamwandikia Theresia, "Nimekukumbuka sana jamani." Nikabonyeza. Ikaenda kwa mkufunzi wangu wa zamani wa chuo. Akajibu, "Nani mwenzangu?" Nikazima kompyuta kabisa. Aibu.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimeona kitu ambacho sikielewi.

Saa tisa kamili taa ya Gidamuda imewaka kijani. Yuko ranchi, alisema. Hakuna mtandao, alisema. Nikamwandikia, "Mmesharudi?" Kimya. Dakika kumi, kimya. Taa inawaka tu.

Nikaangalia juu kidogo kwenye orodha. Theresia naye kijani.

Theresia tulisoma naye tangu darasa la kwanza hapa hapa Endasak. Sasa yuko chuo kilekile cha Gidamuda Morogoro, anasomea kilimo, mwenzake anasomea mifugo. Nikamuuliza kama amemwona. Akasema hajamwona mwezi mzima, mabweni yako mbali.

Saa kumi taa zote mbili zikazima. Pamoja. Sio moja halafu nyingine. Pamoja.

Labda programu ni mbovu.

Ijumaa, 8 Agosti

Saa tano asubuhi, mapumziko ya chai. Zimewaka pamoja. Nikamwandikia Gidamuda salamu. Kimya. Saa tano na nusu zikazima pamoja.

Nimepiga simu yake. Haipatikani.

Nimefundisha kipindi cha saa sita vibaya. Nimewaambia watoto mto Kagera unamwaga maji Bahari ya Hindi. Wakaandika.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama Safari naye ameingiza anwani yake kwenye kapu lilelile, awe anaongea na binti yake wa Arusha. Akaweka alama kwenye kisanduku cha kukumbuka neno la siri. Anasema yeye hana kichwa cha kukariri. Sasa majina ya binti yake na mashemeji zake yamo katikati ya watu wangu. Sijui tena yupi wa nani.

Kisha wale wawili. Kijani, kijani.

Sikumwambia Mama Safari. Ningesema nini? Kwamba mchumba wangu hayuko ranchi? Kwamba amekaa meza moja na rafiki yangu na wote wananidanganya? Nikisema kwa sauti itakuwa kweli.

Nyumbani baba anakarabati ua. Ameng'oa nguzo zilizooza, ameweka mpya. Alishikilia miezi minane kwamba mtoto wake hataolewa na Mbarbaig. Alisema hao ni watu wa kuhama na ng'ombe, leo Gendabi, kesho Hirbadaw. Gidamuda akaja mwenyewe mara tatu. Mara ya tatu akakuta ndama wetu anaumwa, akavua koti akamtibu. Baba hakusema asante. Ila wiki iliyofuata alisema wazee wake waje.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeandika. Siwezi kufuta.

Taa ziliwaka saa nane na dakika ishirini. Nikamwandikia Gidamuda, "Najua uko wapi na uko na nani. Waambie wazee wasije. Usinitafute." Nikaangalia mara tatu isiende kwa mkufunzi. Ikaenda kwake.

Nilitegemea atajibu. Kusema kweli nilitegemea atajitetea. Dakika moja baadaye taa zote mbili zikazima.

Basi ni kweli.

Alhamisi, 14 Agosti

Sijamwambia baba. Sijamwambia mama. Mama ameazima viti kwa jirani. Nilitaka kusema wakati wa kula, mdomo ukakataa. Nikajiambia labda ujumbe haukufika. Nikajiambia labda atapiga simu kesho. Mimi ni mwoga.

Jumamosi, 16 Agosti

Hawakuja.

Baba alivaa koti tangu saa tatu. Baba wadogo wawili walikuwepo, na mzee wa kanisa. Mama alipika makande na kuku wawili. Saa sita. Saa nane. Kila pikipiki ikipita barabarani baba anasimama, halafu anakaa. Saa kumi mzee wa kanisa akasema labda wamepata msiba. Baba akasema, "Wangetuma mtu."

Nilikuwa jikoni nimekaa na najua kila kitu. Sikutoka.

Jioni baba alivua koti akalikunja mwenyewe. Akasema neno moja tu kwa mama. "Wametudharau."

Jumapili, 17 Agosti

Baba hakwenda kanisani. Sikumbuki lini mara ya mwisho ilikuwa hivyo.

Jumatatu, 18 Agosti

Niandike polepole nielewe mwenyewe.

Mama Safari yuko Babati kwa semina tangu jana. Nikafungua kompyuta peke yangu. Programu ikajifungua yenyewe, anwani zangu zikaingia. Mara dirisha likaruka. Binti yake wa Arusha. "Shikamoo mama! Umesharudi kutoka Babati? Nakuona upo."

Nikageuka nyuma. Hakuna mtu. Mama Safari yuko Babati.

Nikaangalia. Anwani yake iko kijani. Mimi ndiye niliyewasha kompyuta, na kapu limewasha wote waliomo. Mimi na yeye, pamoja. Nikazima programu. Nikawasha. Binti akaandika tena, "Mama, mbona unaingia na kutoka?"

Nikakaa. Wanafunzi walipita dirishani wakanisalimia, sikuitika.

Kama kule chuoni kuna kompyuta moja yenye programu hii. Kama Gidamuda aliweka anwani yake humo, akaacha. Kama Theresia naye anatumia hiyohiyo. Basi kila Theresia akikaa, taa zinawaka mbili. Na Gidamuda yuko ranchi na ng'ombe, hajui lolote.

Mungu wangu.

Jumanne, 19 Agosti

Simu ya Gidamuda ilipatikana saa saba mchana. Nilisimama nyuma ya stoo ya mahindi, ndipo mtandao unapokamata.

Ni hivyo. Kompyuta ya sita kwenye maktaba yao. Yeye ndiye aliyemwonyesha Theresia programu hiyo, mwezi wa sita. Ujumbe wangu ulimrukia Theresia machoni akiwa anaandika kazi yake. Zile za mwanzo alizifunga bila kujibu, aliona si zake. Hakuelewa nasema nani na nani. Alichoelewa ni kwamba wazee wasije. Akaona ni jambo zito, Gidamuda hapatikani, akaipata namba ya kaka yake Gidamuda aliyeko kwao Gendabi, akampigia. Kaka akawaambia wazee. Wazee wakakaa nyumbani kama walivyoombwa.

Kila mtu alifanya vizuri. Isipokuwa mimi.

Nikamwambia yote. Akasema, "Nilikuambia niko ranchi."

"Nilikuona kijani."

"Martina. Nilikuambia kwa mdomo wangu."

Akasema ana darasa. Akakata.

Jumatano, 20 Agosti

Nimemwambia baba. Alikuwa anapiga maharage uani. Nilianza na kompyuta, na anwani, na taa, akaniinulia mkono ninyamaze.

"Hayo sielewi. Niambie, ni wao waliotudharau au ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

Akapiga maharage tena. Kisha akasema, "Basi nimewasema vibaya bure siku nne. Utakwenda kwao. Mimi siwezi kukusemea."

Jumamosi, 23 Agosti

Gendabi. Pikipiki hadi mwisho wa barabara, kisha miguu, upepo na vumbi usoni. Mama alinifungia mahindi mabichi ya mwisho.

Mama yake Gidamuda alinikuta langoni. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniangalia sana. Kiswahili chake ni kidogo na mimi Kibarbaig sijui, ila hakumwita mtu atafsiri. Nikasema nimekosa. Nikasema nilidhani mwanawe yuko na mwanamke mwingine, na hakuwepo. Akauliza nani aliniambia. Nikasema hakuna mtu. Akarudia kama hakusikia. "Hakuna mtu?"

"Hakuna, mama."

Akatikisa kichwa. Sio kwa hasira, nafikiri. Kwa kushangaa. Akanipa maziwa kwenye kibuyu. Nikanywa yote. Akasema wazee atawaambia yeye, lakini neno ni la kijana.

Nikarudi sijui kama nimesamehewa.

Jumatatu, 25 Agosti

Theresia hajui nilimshuku. Gidamuda hakumwambia. Anafikiri nilikuwa na hasira na mtu mwingine. Ningeweza kunyamaza na urafiki ukaendelea.

Nimemwandikia ukweli. Wote. Taa yake ilikuwa kijani, ya Gidamuda kijivu. Wametenganisha anwani zao kwenye ile kompyuta.

Alijibu baada ya nusu saa. "Nimesoma." Basi.

Alhamisi, 28 Agosti

Theresia kimya. Gidamuda kimya. Nimerekebisha ule mto Kagera darasani. Watoto wakafuta bila kuuliza.

Jumapili, 31 Agosti

Tulikuwa tunakula mchana. Mbwa akabweka, mama akatoka, akarudi na Gidamuda. Ameomba ruhusa siku nne, amelala njiani Singida. Viatu vyote vumbi. Alikuwa peke yake.

Akampa baba shikamoo, akampa mama. Mimi akanisalimia kwa kichwa. Mama akamwekea maji ya kunawa na sahani. Wakaongea mvua, wakaongea ndama, ambaye sasa amepona na kunenepa. Mimi sikula.

Kisha akaacha kula, akamwambia baba, "Mzee, wazee wako tayari kuja. Ila nimetaka nije kwanza kuuliza kama bado anataka."

Baba akaendelea kutafuna. "Mbona unaniuliza mimi? Huyo hapo."

Gidamuda akageuka. Ameungua na jua la ranchi. Alinisubiri.

Nikasema nataka.

Akaitikia kwa kichwa, akachukua tonge. Baba akaomba aongezewe maharage. Nikainuka nikaleta sufuria.