Futi Yangu Wodini Korogwe

Mama Zaina mpenzi,

Huku Korogwe jua linachoma, lakini nakuandikia kwa moyo mweupe. Daktari mgeni, yule anayezunguka kutafuta watoto wenye uvimbe wa taya kama wa binti yetu, leo amenikuta nampima Zaina shavu kwa futi yangu ya ushonaji. Muuguzi hunitania kila asubuhi: "Fundi, shavu hilo unalishonea kanzu?" Daktari hakucheka. Alinakili vipimo vyangu vyote, maana sindano hizi anazomdunga Zaina ni za dawa mpya, bado inajaribiwa, na watoto waliokwisha kuipata ni wachache. Siku ya kwanza, kutoka sikio hadi kidevu, zilikuwa inchi tano na nusu. Leo ni nne na robo.

Mjomba wako aliyeshikilia kuwa ni jino, akamng'olesha mtoto meno mawili mazima, nina neno naye nikirudi Handeni.

Daktari hasemi kapona, anasema tungoje. Lakini mchana Zaina ameomba muhogo. Nilipoanza kuuponda akaninyang'anya: "Baba, mimi si kichanga." Akautafuna wote. Nimeshukuru hadi machozi.

Mungu akurudishie usingizi ulioukosa miezi yote hii.

Baba Zaina