Jibu la Mama Raudha

Picha ya Ndege, Kibaha
Jumanne mchana

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute umekaa, na kama umesimama basi vuta kiti kwanza, maana ni ndefu. Goti linasemaje? Nasikia huko Kisarawe baridi ya asubuhi imeanza, na najua soksi hutavaa hata ukiletewa za sufu. Sisi huku hatujambo. Mafua ya Faraji yamekwisha, anakula, anavunja vitu, kwa hiyo ni mzima. Mimi sina ugonjwa wa kutaja, ila nimechoka mama. Ni uchovu ule ambao mtu akilala hauishi.

Barua hii anakuletea Tatu, jirani yangu anayefanya kazi masijala hapo halmashauri kwenu. Nimemwomba akukabidhi mkononi mwako wewe, asimpe Raudha. Utaniuliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako siku hizi anapokea Raudha, na ukishaishika unaweka sauti ya juu mpaka wapita njia wanajua bei ya sukari ya Kibaha. Haya ninayotaka kukuambia hayafai kusikika hivyo. Vaa miwani, soma polepole.

Unajua kwamba tangu mkweo Dulla aende Ujerumani kuuguza wazee, mpango ni sisi kumfuata. Usichojua ni jinsi ninavyohangaika na hizo karatasi. Dulla kila nikimuuliza ananiambia ulizia huko huko, nami huku sijui nimuulize nani. Raudha ndiye aliyeniambia kuna jukwaa kwenye mtandao, linaitwa Makaratasi ya Safari, Watanzania wa huku na wa ughaibuni wanaulizana humo habari za viza. Akaniwekea kwenye simu yangu na kuniandikisha. Ukijiandikisha unatakiwa jina la kutumia, si lazima liwe lako la cheti. Nikamwambia aweke lile ninaloitwa na watu wote hapa mtaani. Akaandika Mama Raudha, akacheka, akanirudishia simu.

Sasa mama, mimi umenilea wewe. Nikiingia penye watu nasalimu. Nikaandika asalamu alaikum, hamjambo nyote, shikamooni mlionizidi umri. Kisha nikaweka simu chini ili waitikie, ndipo nieleze shida yangu. Nimepika, nimeosha vyombo, nimerudi, hakuna aliyeitikia. Mmoja ameweka kale kasura kanakocheka mpaka kanatoa machozi. Mwingine ameniambia, dada, hapa si barazani, swali liko wapi? Siku ya pili nikajaribu tena, nikaanza kwa kuwajulia hali wao na familia zao, maana nilidhani labda mara ya kwanza sikusalimu vizuri. Hapo akaja msimamizi wa jukwaa, Anselmi, akanitumia kanuni zao. Usisalimie bila kuuliza. Usiulize kilichokwisha ulizwa. Taja nchi, taja aina ya viza, eleza kila kitu kwa mara moja. Usimfuate mtu faragha. Ukijibiwa, shukuru mara moja tu. Nilizisoma nikajiona nimerudi kuolewa upya, niko kwa mama mkwe.

Lakini nilijifunza. Nikazoea kuuliza bila salamu, kama askari wa barabarani. Siwezi kusema hawakunisaidia. Kwao ndiko nilikojua habari ya mtihani wa lugha, na vyeti gani vipigwe mihuri wapi. Kuna mwanamke mmoja humo, Nuria, aliyemfuata mumewe kama ninavyotaka kumfuata wangu, huyo alinijibu kila mara bila kunikaripia. Ikafika mahali hata mimi nikawa najibu wengine. Wageni wakija na shikamoo zao, nawauliza swali liko wapi. Utashangaa mama, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Mambo yaliharibika kwenye vyeti vya kuzaliwa. Nilikuwa nimeandika kwamba nataka kusafiri na watoto wangu wawili. Wakauliza kama vyeti vyote vina jina langu. Nikajibu kwamba cha Faraji kina jina langu na la Dulla, cha Raudha kina jina la marehemu dada Mwanahalima, na upande wa baba pamepigwa mstari. Niliandika kama jambo dogo tu, nikaongeza swali la picha za pasipoti.

Waliniwakia mama. Mmoja akaniuliza inakuwaje naitwa Mama Raudha na Raudha si wangu. Mwingine akasema nimewadanganya tangu mwanzo na kuwapotezea muda. Nami hasira zikanipanda, nikawaandikia kwamba mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, nimembeba mgongoni kabla hajaota meno, mimi ndiye anayemwita mama, na kama wao kwao si hivyo basi wana matatizo kuliko mimi. Anselmi akanijibu kwa upole kwamba hata kwao Masasi ni hivyo hivyo, ila ubalozi hausomi mgongo, unasoma cheti. Akaniomba nisahihishe swali langu, ama sivyo atalifuta.

Nikasahihisha. Niliandika kwamba Raudha si mtoto wangu wa kumzaa, ni mtoto wa marehemu dada yangu. Unakumbuka mama siku zile za msiba, kabla hata ya arobaini, ulivyosimama uani ukasema atakayemwita mtoto huyu yatima aondoke nyumbani kwako. Hakuna aliyethubutu, hadi leo. Nimekuja kulisema mimi, mbele ya watu maelfu nisiowajua, kwa sababu ya kanuni za jukwaa.

Baada ya hapo walinifuata watu faragha, hao hao waliokatazwa kufuatana faragha. Wakanishauri nimtafutie Raudha cheti kipya chenye jina langu, eti wengi ndivyo wanavyofanya. Nilikaa na shauri hilo mama, sitakuficha. Lakini kile cheti ndipo mahali pekee palipoandikwa kwamba dada Mwanahalima aliwahi kuzaa. Nikikibadilisha atakuwa amekufa hana mtoto. Nikashindwa. Nuria akaniambia njia iliyobaki ni ya mahakama, nipewe ulezi kwa amri, waje ustawi wa jamii waione nyumba, wasikilizwe mashahidi. Akasema ni njia ndefu na nisichelewe, kwa sababu Raudha akishafikisha miaka kumi na minane mlango unafungwa.

Nikamweleza Dulla. Alikuwa ametoka zamu, sauti imemkauka. Akasema basi nitangulie na Faraji, Raudha akae na bibi yake kwa muda, atafuata. Nikaaga, nikakata simu. Lakini nikwambie kweli mama, moyo wangu ulitulia. Dulla ana roho nzuri, na ni muda mrefu sasa nakula peke yangu na kulala peke yangu na kuambiwa na kila mtu kwamba nina bahati. Nilianza kufikiri nitakuambiaje wewe na nitamwambiaje yeye. Kila siku naahirisha.

Katikati ya siku hizo akaja mtu jukwaani anaitwa Kijana wa Pwani. Swali lake lilikuwa limenyooka, halina salamu wala mapambo, nikasema huyu amesoma kanuni. Alieleza kwamba yuko sekondari, analelewa na mama yake mdogo, na mume wa huyo mama mdogo yuko nje. Karatasi za wenzake ziko tayari, zinazokwamisha ni zake yeye. Mama mdogo hasemi kitu ila siku hizi hali chakula vizuri. Akauliza, je, akisema mwenyewe kwamba hataki kwenda, safari ya wenzake itakuwa rahisi? Bibi yake yupo, anaweza kukaa naye. Na kusema hivyo ni utovu wa adabu?

Nilimdhania mvulana. Si unajua neno kijana halisemi ni wa kike au wa kiume. Watu wakaanza kubishana, huyu anataja sheria, yule anataja ubalozi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwa mkongwe humo, nikaandika jibu fupi la kunyooka, kama wanavyotaka. Nakunukulia lote, ulione lilivyo:

"Mwache mama yako mdogo aende kwa mumewe. Wewe kaa na bibi yako. Ukimpenda hutamzuia."

Akaandika, "Asante. Nimeelewa." Alishukuru mara moja tu, kama kanuni inavyosema. Nami nikajiona nimemsaidia mtoto wa watu.

Jumamosi iliyofuata Raudha akaniambia anataka likizo hii aje kwako akusaidie kumenya mihogo. Nilifurahi, nikampa na sukari akuletee. Nilimwona anakunja hata blanketi lake, nikamtania kwamba likizo gani hiyo ya kuhama na blanketi. Akasema Kisarawe baridi. Alimkumbatia Faraji mpaka Faraji akalalamika. Mimi nilikuwa nafua, nikamuaga mikono ikiwa na povu.

Jana nimechukua simu ya zamani ya Dulla, ile aliyokuwa anajisomea Raudha, nimwashie Faraji acheze. Amekuja huko bila hiyo simu, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Nilipoiwasha nikakuta lile jukwaa limefunguliwa. Jina lililoandikwa juu ni Kijana wa Pwani. Chini yake swali, na chini ya swali jibu langu, na pembeni ya jibu jina langu, Mama Raudha.

Mama, huyu mtoto ndiye aliyeniandikisha. Hilo jina aliliandika kwa vidole vyake. Kwa hiyo alijua nipo humo, na kila nilichoandika alikisoma, hata ile sentensi ya kwamba si wangu. Alishindwa kuniuliza uso kwa uso, akaja kuniuliza pale ambapo najibu wageni. Mimi sikumjua. Yeye anaamini nilimjua. Anaamini nimemwambia kwa makusudi akae kwa bibi yake, na badala ya kulia akanishukuru, akafunga blanketi.

Nimelia mama. Nimekaa jikoni chini nimelia mpaka Faraji akaniletea maji bila kuambiwa.

Naweza kusema sikujua kuwa ni yeye, na ni kweli sikujua. Lakini nimelisoma lile jibu tena na tena, na naona aibu nalo hata kama angekuwa mtoto wa mtu mwingine kabisa. Sikuwa namjibu yule kijana. Nilikuwa namjibu mama yake mdogo. Nilitaka mtu mmoja aniambie, Ashura nenda, huna kosa, na hakuna aliyekuwa ananiambia, basi nikajiambia mwenyewe kwa kumtumia mtoto. Hayo ndiyo niliyotaka uyajue kwa kalamu yangu, kabla hujaanza kujiuliza mbona huyu mjukuu likizo yake haiishi.

Asubuhi nimempigia Dulla nikamwambia sendi bila Raudha. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Mwishowe akasema sawa, nianze hayo ya mahakama. Hakufurahi, wala sikumdai afurahi. Itakuwa miezi mingi, na huenda mwisho wake tukanyimwa sote. Nimekubali.

Alhamisi nakuja Kisarawe. Nakuomba usimwambie Raudha kwamba nimekuandikia, wala usimweleze chochote kwa niaba yangu. Nataka anisikie mimi mwenyewe, kwa mdomo. Kazi yako ni moja tu, asiondoke hapo.

Na lipo la pili, hili ndilo zito. Mahakama itataka shahidi wa ukoo, na shahidi ni wewe. Itabidi usimame useme kwamba Raudha alizaliwa na Mwanahalima, na kwamba Mwanahalima alikufa. Najua nakuomba ulitoe neno ulilolizuia nyumbani kwako miaka yote hii. Nakuomba hata hivyo mama. Sina mwingine wa kumwomba.

Nisalimie majirani wote wa hapo, na mama Sadick mwambie dawa yake nitakuja nayo. Faraji anakupa shikamoo nyingi. Anauliza dada yake anarudi lini, nimemwambia Alhamisi, ingawa mwenyewe wa kurudi sijamwuliza. Raudha usimpe salamu zangu zozote. Ila akinitaja hapo nyumbani, sikiliza vizuri ananiitaje. Kama ananiita mama mdogo, uje uniambie pale nje, kabla sijaingia ndani.

Ni mimi mwanao,
Ashura