Kioo cha Izigo

Buhembe, Bukoba

Kaka Nicholaus,

Nasikia huko Goziba samaki wanapatikana. Sisi wazima, mama anakohoa kidogo tu.

Kiwandani bado napoza vioo. Kioo kikitoka kwenye tanuri hakisimami. Kinapita juu ya roli zinazozunguka hadi kwenye feni, kinapulizwa ghafla. Kikishapoa hivyo hakikatwi tena, ukijaribu kinasambaratika chote.

Juzi nilipoza kioo cha dirisha la sebule. Dereva wa kukipeleka akaniuliza njia ya Izigo, kwenye kibanja kilichouzwa na mtoto wa marehemu Rweyemamu. Kibanja chetu, shamba la ukoo! Amerudi, anasema dirisha lenyewe linatazama kaburi. La baba, Nicholaus.

Na kikohozi cha mama si kidogo. Anauliza atazikwa wapi. Njoo umjibu mwenyewe.

Dada yako ambaye hakuulizwa,
Joanitha