Vichunguzi Vinane vya Kumsaka Lemburis

Jumatatu, 9 Juni

Ukungu mpaka saa nne. Mashine ya kopi imetafuna karatasi tatu za mwalimu, akaniangalia kana kwamba nimezitafuna mimi. Nimechapa vibali vya watalii vya kuingia kreta, barua mbili za kuomba kazi lodji, picha sita za pasipoti. Wateja walipopungua nikakaa kwenye kompyuta ya kaunta, nikaingia mchezoni.

Siku ya nne ya kuitwa mwizi.

Naandika ili nisipasuke. Kikosi chetu kina watu sita. Miaka miwili tumejenga ghala letu huko angani, ndani ya mchezo: meli, madini, ramani, kila mtu na jasho lake. Funguo tulikuwa nazo wawili, mimi na Lemburis. Alhamisi ghala likakutwa tupu. Kumbukumbu za mchezo zinaonyesha Paskalina, yaani mimi, kafungua, Paskalina kabeba. Bi Zuhura, kiongozi wetu, mfamasia wa Tanga, ameandika mbele ya wote kwamba ana huzuni. Heri angenitukana.

Alhamisi hiyo nilikwenda stendi kupokea boksi la karatasi. Akaunti yangu niliiacha wazi. Dukani alibaki mtu mmoja, kwenye kompyuta namba mbili. Dereva wa watalii. Rafiki yangu, eti. Lemburis.

Jumanne, 10 Juni

Amekuja saa moja asubuhi kuchapa ratiba ya wageni wake. "Dada Paska, pole na baridi." Kaniletea chapati. Nimeila. Nilikuwa na njaa, haimaanishi kitu.

Kanipa pole ya zile shutuma pia. Anasema yeye anajua mimi siyo mtu wa hivyo. Nyoo! Kikulacho ki nguoni mwako. Nikamchapia, nikamtakia safari njema, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Halafu nikachapa nakala nyingine, yangu. Siku gani yuko kreta, siku gani yuko Engaresero ambako laini yake haishiki kabisa. Sasa najua saa zote ambazo hawezi kuingia mchezoni. Ukitaka kuiba, usimwibie mtu anayekuchapia ratiba.

Jumatano, 11 Juni

Bila ushahidi sisemi neno. Nikisema leo wataona namsingizia. Ushahidi ni mali yenyewe. Kaificha mahali, na mahali palipofichwa hapapo kwenye ramani ya mchezo. Panatafutwa kwa vichunguzi.

Ninavyo vinane. Unavirusha, vinasambaa, kila kimoja kinasikiliza duara lake. Maduara yakikutana juu ya kitu inatokea ishara, asilimia kidogo. Unayabana, unasogeza, unabana tena. Ikifika mia, meli yako inaweza kwenda pale. Chini ya mia huna kitu, una tetesi.

Shida moja. Mwenye mali akiwa mchezoni anaviona vichunguzi vikipita, anahamisha kila kitu. Leo Lemburis amelala kwake, hapa hapa Karatu. Sijarusha hata kimoja. Nimekalia mikono.

Ijumaa, 13 Juni

Yuko kreta na wageni, kutwa nzima. Nimepekua nyota tatu, kila sayari, kila mwezi. Hakuna. Saa nane umeme ukakatika.

Kisa wa Mbeya, mwenzetu kikosini, hajibu salamu zangu. Mimi niliyemfundisha kurusha meli! Alikuwa anagonga kila kitu, nikamvumilia miezi.

Namchukia Lemburis. Nataka iandikwe.

Jumapili, 15 Juni

Padre amehubiri kusamehe. Amehubiri vizuri sana. Nitaanza wiki nyingine.

Jumatatu, 16 Juni

Kaondoka kwenda Engaresero. Kule Natron, wageni wanataka kupanda mlima. Harudi mpaka Jumamosi. Nimempungia mkono kutoka mlangoni.

Nyota mbili nyingine. Hakuna. Nilianza kujiona mjinga. Watu wote huficha vitu nyuma ya sayari, kwa sababu ramani imelala tambarare na macho yanafuata sayari. Nimechungulia nyuma ya kila moja.

Saa tisa nikakumbuka maneno yake. Kakulia Nainokanoka akichunga ng'ombe wa baba yake, na hachoki kutucheka Wairaqw. "Ninyi mnakaa bondeni na majembe yenu. Mchungaji anakaa juu, aone ng'ombe wote na anayekuja." Kaniambia mara mia. Lemburis hawezi kulaza mali bondeni hata umuue.

Nikavitoa vichunguzi kule kwenye sayari. Nikavipandisha juu, juu kabisa, mahali ambapo hakuna jiwe wala mwezi, hakuna mtu mwenye akili anayetafuta. Nikavipanua.

Asilimia nne.

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena.

Jumanne, 17 Juni

Nne. Kumi na moja. Ishirini na sita. Ikagoma hapo saa mbili nzima. Kumbe aliweka kontena tupu pembeni, ishara zikawa mbili zinazogongana. Mjanja. Nilimtukana kwa Kiiraqw, sauti ya juu, mteja akatoka.

Halafu ikakubali. Hamsini. Themanini na tisa. Mia.

Nikaenda. Vyote viko pale, vimepangwa duara kama boma. Meli ya Kisa, madini ya Bi Zuhura, ramani zangu. Na juu ya vyote, peke yake, imeegeshwa meli yenye jina la Lemburis. Alijisahau hata akaegesha yake.

Nimepiga picha kumi na mbili. Nimelia kidogo, chooni.

Nikamtumia Bi Zuhura. Akapiga simu hapo hapo. "Nisamehe, mdogo wangu." Nikamwambia msamaha baadaye, kwanza kazi. Yeye alitaka tubebe vitu kimyakimya, yaishe. Nikakataa. Mimi nilisemwa mbele za watu, na Lemburis atakamatwa mbele za watu, akiwa macho, akiwa ameketi. Nikamwambia saa na siku. Akirudi safari, kabla hata ya kuoga, huja kukaa namba mbili.

Alhamisi, 19 Juni

Siku ndefu. Hakuna kilichotokea. Nimefuta vumbi kwenye kiti cha namba mbili. Nimekaza na nati, kilikuwa kinayumba. Asije akapata kisingizio cha kuhama.

Sijala mchana. Nimepanga maneno ya kumwambia. Nimeyafuta, nimeyapanga tena.

Jumamosi, 21 Juni

Saa sita na robo akaingia, vumbi la Natron mpaka kwenye nyusi. "Dada Paska, nimekufa." Namba mbili. Nikamwekea chai.

Mimi kaunta, yeye mbele yangu, kanipa mgongo. Mama mmoja alikuwa anasubiri kopi za cheti cha ubatizo. Nikamwona Lemburis akiingia mchezoni. Meli yake ikaamka palepale juu ya mali yetu. Nikakiandikia kikosi neno moja: Sasa.

Tukatokea wote watano. Mimi wa kwanza, nikaifunga meli yake isiweze kukimbia, wenzangu wakaishambulia.

"Yesu wangu!" Akabofya, akabofya. Meli ile aliijenga mwaka mzima. Ilipasuka kwa muda mfupi tu. Sikuangalia skrini, niliangalia shingo yake. Nilijua sekunde aliyosoma jina la aliyemfunga, kwa sababu shingo ilikaza. Akageuka taratibu.

Nikasema, "Siku za mwizi ni arobaini, Lemburis. Zako zimekuwa kumi na sita."

Akainuka, akaacha chai, akaacha na kofia. Mama wa cheti akauliza, huyo naye kaona nini? Nikamwambia kaona cha moto. Nikampa kopi zake.

Raha. Sidanganyi. Raha mpaka kwenye kucha.

Jumapili, 22 Juni

Kikosi kizima kimeniomba radhi. Bi Zuhura kanipa funguo peke yangu. Lemburis ametolewa, jina lake limefutwa. Nimelisoma tangazo mara tano.

Nilitaka kuwaeleza nilivyopata mahali pale. Kule juu, ile nne, lile kontena la kunipoteza. Nikaandika maneno mengi. Kisa akajibu kwa alama ya dole gumba, akauliza meli yake iko sehemu gani ya ghala. Bi Zuhura akasema hongera mdogo wangu, tusonge mbele.

Tusonge mbele. Haya.

Jumatatu, 23 Juni

Wateja wengi. Namba mbili kakaa kijana wa chuo, anaandika wasifu wake na kuniuliza "uchapakazi" ni neno moja au mawili. Nimemjibu vibaya bila sababu. Nimempa kopi moja ya bure.

Jumanne, 24 Juni

Lemburis amekuja saa moja. Kuna maduka mengine mawili ya kuchapa barabara hii. Kaja kwangu.

Alisimama mlangoni, hakusalimia. Akanipa flashi. Nikachapa vibali vyake. Mashine ikaenda polepole, kama imetumwa.

Akasema, "Ulinicheka, dada. Siku ile nilipopoteza meli ya kwanza. Ulinicheka mbele ya wote, ukaendelea wiki nzima." Kweli nilimcheka. Nilikuwa nimesahau. Nikamwambia kucheka na kuiba si mzani mmoja. Akasema, "Si mzani mmoja." Akaomba radhi, akiangalia sakafu.

Nikampa karatasi zake. Hakuondoka. Alizikunja, akazikunjua.

"Ishara ya kwanza ilikuwa ngapi?"

Sikutaka kumjibu. Nikamjibu. "Nne."

"Nne!" Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Na vichunguzi vinane tu?" Akavuta kiti. Sikumkaribisha, nataka ieleweke. Nikamweleza. Zile sayari zote bure, Nainokanoka, mchungaji anakaa juu. Alicheka mpaka akafuta macho, akasema mama yake angemchapa. Nikafika kwenye ile ishirini na sita iliyogoma. Akainua mkono. "Ngoja, usiseme." Akafikiri, macho yamefumbwa. "Kimoja ulikitoa kwenye kundi, ukakipeleka juu ya vyote."

Alipatia. Shenzi. Mara ya kwanza tu.

Wageni wake walikuwa garini, mmoja akashuka kuja kuchungulia mlangoni. Lemburis akaondoka nao kwenda kreta. Ukungu ulikuwa haujapanda.

Sijamsamehe. Ila tangu niipate ile mia, yeye ndiye mtu wa kwanza kuniuliza.