Cheti cha Watu Wawili

Jumatatu, 5 Mei

Baridi. Upepo wa kusini umevuma tangu jana, na kwetu kusini ndiko barafu inakotoka. Nimerudi upande huu wa mto. Manispaa haitaki mtu alale siku nyingi mahali pamoja, basi nahama na kurudi, nahama na kurudi. Sioni taabu. Nyumba niliiuza mwenyewe mke wangu Nola alipofariki—vyumba vinne na mzee mmoja, ya nini?—na huu ni mwaka wa nne nalala kwenye van. Choo kimo, sinki imo, tangi la maji machafu limo. Kwa hiyo kiooni nina stika ya kijani ya ruhusa ya kulala na hakuna anayenigongea.

Majirani wa leo: vijana wawili wa Kijerumani na Mazda moja ya rangi ya fedha, taulo zimebanwa kwenye madirisha yake yote.

Hili nimelitambua kwa kuangalia tu. Anayelala garini kwa kupenda hutoboa paa akaweka tundu la hewa. Asiyependa hubana taulo. Pumzi ya mtu mmoja hulowesha vioo vyote hadi kunapopambazuka, na taulo unaikamua kana kwamba umefua.

Jumanne, 6 Mei

Mwenye Mazda amekuja kuomba maji ya moto. Anaitwa Raewyn, ana miaka hamsini na kitu, ni mpishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapo mjini. Kumbe nilimfundisha mdogo wake jiografia!

"Ulimfelisha, Mwalimu."

"Aliweka Australia mashariki mwetu, nayo iko magharibi."

"Yuko huko sasa. Amefika bila ramani yako." Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Nyumba aliyokuwa akipanga iliuzwa mwezi wa pili, na nyingine ya kumfaa hakuna. Lakini ukimwuliza, anasema anapiga kambi tu. Wasio na makazi, kwa maelezo yake, ni wale walevi nyuma ya stesheni. Yeye anaamka, anaoga kwenye bwawa la kuogelea, anaenda kazini. Sikubishana. Nilimpa pai ya nyama iliyobaki.

Jumatano, 7 Mei

Alfajiri amepita Siosaia, mkaguzi wa manispaa. Ni Mtonga wa visiwani, mwili kama kabati, na hugonga kioo kwa ukucha mmoja ili asimtishe mtu.

Acha nieleze, maana sheria yetu hii ina jambo la ajabu. Gari lisilo na stika haliruhusiwi kulala hapa; mwenyewe hutozwa faini. Lakini asiye na makazi kabisa hahesabiwi kuwa mpiga kambi. Huyo hatozwi. Ila Siosaia hana njia ya kujua mpaka mtu aseme.

Akamwuliza Raewyn kwa upole, "Dada, una mahali pengine pa kulala?"

Raewyn akalivuta koti lake. Aproni ya kazini ilikuwa inachungulia chini yake. Wajerumani walikuwa wanakoroga uji wao huku wakitazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Sikuweza kuangalia. Nikatoka na slipa zangu.

"Huyu ni mgeni wangu, Siosaia. Analala kwangu. Mazda ni ya kwenda kazini tu." Nikamwonyesha cheti cha van. Kimeandikwa watu wawili, tangu enzi za Nola.

Siosaia akanitazama, akaitazama Mazda na taulo zake. "Mzee! Yaani umeoa na sisi hatukualikwa?"

Wote tukacheka. Raewyn alikuwa mwekundu hadi masikioni, lakini alicheka. Baadaye alikuja kunishika mkono. Nimekula chakula changu cha mchana kwa raha sana.

Alhamisi, 8 Mei

Tumehamia ng'ambo ya mto, van mbele, Mazda nyuma, kama bata na kifaranga wake. Kwake ni mbali zaidi na kazini, lakini mgeni wangu hawezi kubaki nyuma.

Philippa amepiga simu kutoka Dunedin. "Baba, chumba chako kipo. Nimetandika shuka, nimekununulia na hita. Unangoja nini?"

"Sijachoka bado."

"Mtu wa miaka sabini na mbili anachoka kwa siri," akasema, akakata simu.

Ijumaa, 9 Mei

Leo Siosaia hakuja peke yake. Alikuwa na mama mmoja, Huhana, wa shirika linalotafutia watu nyumba. Kuna vyumba vipya nyuma ya kiwanda cha zamani cha maziwa: vidogo vidogo, lakini kila kimoja kina jiko, bafu na ufunguo. Ni vya wanaolala garini au chini ya turubai. Huhana anazungukia kila mmoja, na Siosaia ndiye anayemwongoza, maana anawajua wote.

Walipofika kwenye Mazda hawakusimama. Raewyn alikuwa ameshaenda kazini kwa miguu, kuokoa petroli. Nilimsikia Siosaia vizuri kabisa, dirisha langu lilikuwa wazi:

"Huyo yuko na Mzee. Hao wanastarehe tu, hawahitaji chumba."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Mpaka nimekiweka chini na kutafuta la kusema, walishapanda gari.

(Jioni.) Nimemwambia Raewyn. Nilianza na maelezo marefu, nikaanzia kwenye sheria yenyewe. Alinikatiza.

"Nani alikuomba?"

"Nilitaka kukuepushia aibu."

"Aibu ya nani, Mwalimu? Yangu au yako wewe, kunitazama?"

Nikainamia slipa zangu. Akaendelea:

"Wewe unanidhani jirani yako. Mimi na wewe hatufanani hata kidogo! Wewe ukichoka, unaenda kwa Philippa. Mimi nikichoka, nahamia kiti cha mbele."

Akafunga mlango wa Mazda. Hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda nyumbani kwa Siosaia. Alikuwa anakata majani kwa mashine, wanawe wanarushiana mpira. Nimemwambia ukweli wote: Raewyn hajawahi kulala kwenye van yangu hata siku moja.

"Unafikiri sikuona zile taulo, Mzee? Nilinyamaza kwa sababu naye alinyamaza."

"Basi mwambie Huhana."

"Nimwambie nini? Kwamba yule mzee aliyesema hivi juzi, leo anasema vile? Jumatano ulimsemea. Leo unamsemea tena. Yeye hana mdomo?" Akaizima mashine yake. Huhana anapita mara ya mwisho Jumatatu, akasema, na kimebaki chumba kimoja. Kuna baba mmoja na binti yake, wako kwenye hema kule kwenye misonobari, nao wanakitaka.

Hilo la mwisho nimerudi nalo njia nzima.

Jumapili, 11 Mei

Nimemweleza Raewyn aliyosema Siosaia, nje, nikiwa nimesimama. Sikuongeza neno, hata la baba na binti yake sikulificha.

"Sawa," akasema.

Hakuja kuchukua maji ya moto. Nimechemsha hata hivyo.

Jumatatu, 12 Mei

Ukungu. Wamefika mapema, Huhana kavaa koti la mvua la njano. Wameanza na mimi.

"Na wewe, Baba, una nyumba?" akauliza Huhana.

Nikasema inategemea mtu anaelewaje neno nyumba, kwamba kuna jengo na kuna makazi, na tofauti yake—

"Mzee," Siosaia akasema. "Ndiyo au hapana."

"Ndiyo. Nina chumba kwa binti yangu. Sijataka kwenda, basi."

Nimeona jinsi ilivyokuwa rahisi kulisema.

Sasa wako kwa Raewyn, nami naandika hapa dirishani kwa sababu mikono inataka kazi. Amefungua mlango mzima, si kioo. Amevaa aproni yake, nywele zimebanwa, koti hakuvaa. Huhana anauliza kwa sauti ya chini, sisikii. Raewyn anaangalia chini. Wale Wajerumani wako huku pia, wameacha kukoroga. Naomba waingie ndani. Hawaingii.

"Sina nyumba."

Hilo nimelisikia. Nadhani hata ng'ambo wamelisikia.

"Sina. Tangu mwezi wa pili. Nalala humu."

Huhana anaitikia kwa kichwa taratibu, lakini mkono wake unaelekea kwenye van yangu, na sasa namsikia. "Lakini dada, tuliambiwa una mwenzio, na anacho cheti cha watu wawili. Na yule baba kule misonobarini ana mtoto. Nitawaambiaje wenzangu ofisini?"

Siosaia anatazama viatu vyake. Hamsaidii. Raewyn amegeuka, amelipata dirisha langu, ananitazama moja kwa moja. Hana hasira. Ananiita kwa kidole, njoo, kama nilivyokuwa nikiwaita watoto waje ubaoni mbele ya darasa zima. Uongo wa Jumatano ni wangu kuufuta. Natafuta viatu—