Nilikwambia Urudie

Dada yangu Asimwe,

Memori kadi haikuharibika. Niliwaambia wote kwamba imekufa, mama, baba, hata padri aliponiuliza kama kuna jambo linanisumbua. Lakini iko hapa, ndani ya mkebe wangu wa hisabati, nimeifunga kwenye karatasi ya pipi. Sijamwambia mtu. Naanza na wewe kwa sababu wewe unajua tayari.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa umetoka kulazwa, selimundu imekushika mgongo, unakaa sebuleni kwetu Ijuganyondo, Bukoba, na mablanketi mawili, ukinisubiri nirudi shule. Tukawa tunaangalia sinema za kutisha kwenye simu ya zamani ya baba, aliyotuachia. Ugonjwa ulikuwa umekukosesha madarasa mengi na Kiingereza kilikupita, kwa hiyo nilikuwa nakutafsiria sikioni. Mimi ambaye darasani siwezi hata kunyoosha mkono, kwako niliigiza mpaka sauti za mashetani.

Ulizozipenda zaidi ni zile za watengeneza sinema wenyewe. Wanakwenda na kamera kwenye jumba bovu kurekodi mzimu wa uongo, halafu mzimu wa kweli unaingia kwenye picha na hakuna anayeshtuka, kila mtu anadhani ni mwenzake kapakwa rangi. Basi ulivyokuwa unamtukana dairekta. "Mpumbavu huyu. Mtu anakufa mbele yake, yeye anasifia."

Nikakuuliza angejuaje.

"Si angezima kamera amuulize tu."

Likizo ya Desemba tukaenda kwa bibi Kagoma, na wewe ukasema sasa tunatengeneza yetu. Uliiandika nyuma ya daftari langu la Baiolojia: msichana anaitwa Rose, anaigiza maiti kwenye kibanja cha migomba, na kila akirudia anazidi kufa kweli. Mimi sikutaka kuonekana. "Wewe kaa nyuma ya simu, mwoga wewe," ukacheka. "Nitakufa kwa niaba yetu wote wawili."

Damu tulichemsha maua mekundu ya choya, ukaongeza sukari ili iwe nzito. Bibi tulimwomba aje alie kidogo tu, tumrekodi. Akatuangalia kama tumemtukana. "Mtu hai haliliwi. Mkitaka kilio, subirini nife mimi." Akachukua jembe lake akaenda zake.

Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Majani chini ya migomba yalikuwa yamelowa na yalikuwa ya baridi, niliyashika kwa mkono wangu, nilijua. Asubuhi ile mama alikuwa amepiga simu: "Kemi, dada yako asipigwe na baridi." Nyumbani kwetu hakuna asiyejua baridi inakufanya nini. Ulivua sweta kwa sababu maiti haivai sweta, nami nikalitundika kwenye mgomba.

Rekodi ya kwanza ilivurugika kwa sababu sisimizi waliifuata sukari wakakuingia sikioni, ukacheka. Ya pili ikapita bodaboda. Ya tatu kidole changu kilifunika kamera.

Ya nne ulilala vizuri sana. Macho wazi, hupepesi. Kisha ukasema kwa sauti ndogo, "Miguu inaniuma, Kemi."

Maneno hayo hatukuyaandika. Na ingekuwa Rose ndiye anayesema, asingelijua jina langu. Lakini kwenye kioo cha simu ilipendeza mno, dada. Sauti yangu inasikika kabisa: "Hapo hapo. Nzuri. Rudia, ukiniangalia."

Ukarudia. Kwa ajili yangu, ukarudia.

Jioni hukuweza kusimama. Kesho yake gari lilitupeleka Muleba, kisha Bukoba, na siku ya tatu mama akatoka wodini ameshika kandambili zako. Muuguzi alimwambia kwamba ugonjwa huu huweza kumzidi mtu hata bila sababu. Mama amelishika neno hilo mpaka leo, ndilo linalomlaza usingizi. Mimi sababu nilikuwa nayo mfukoni.

Tulikurudisha Kagoma, ukazikwa kibanjani, si mbali na pale. Bibi alilia kile kilio alichotunyima. Nami nilisimama nyuma ya watu, nikajikuta nawaza kwamba mwanga wa leo ni mzuri. Nisamehe na hilo.

Sasa mama anaanza kukusahau sauti. Jumapili alinisimamisha jikoni, viazi mkononi. "Sura yake ninayo kwenye picha. Sauti ndiyo inanitoka. Hivi alipokuwa anaumwa alikuwa ananiita mama, au mawe?"

Nikainamia viazi. Ulikuwa unasema mawe, mama kwa Kihaya, lugha iliyokutoka mdomoni maumivu yakizidi.

"Kuna fundi mjini anafufua memori," akasema. "Nipe hiyo iliyokufa nimpelekee."

Nikamwambia nitaitafuta.

Nilitaka nifute ya nne nimbakizie ya kwanza, ile unayocheka na sisimizi wako. Kidole kilikuwa kimefika. Nikashindwa. Kwenye ya nne umenitaja jina, na hakuna pengine ninapokusikia ukiniita. Halafu nikakumbuka yule dairekta uliyekuwa unamtukana. Mimi kamera niliizima nimechelewa, na kuuliza sikuuliza. Naweza angalau kuacha kuficha.

Nimeirudisha memori kwenye simu. Zote nne zimo, nimezipanga kuanzia ile ya kicheko, ili mama akusikie ukicheka kwanza kabla hajanisikia mimi.

Nasikia ndala zake kwenye korido. Kama atanichukia, nawe usimkataze. Karatasi hii naisukuma chini ya godoro, maana hii ni yako. Simu naiacha mezani. Nimeondoa namba ya siri.

Pumzika, dada. Hakuna kurudia tena.

Mdogo wako, wa nyuma ya simu